Imeisha, Imekatika, Imekufa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipanga katoni za majani ya chai juu ya katoni za sabuni ya kufulia, nikasogea pembeni kuutazama mstari wangu ulivyonyooka, nikajisifu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne miezi michache tu nyuma, na niliamini kwamba mtu aliyefaulu jiografia hawezi kushindwa na maboksi. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza, kwamba majani ya chai hunyonya harufu ya jirani yake haraka kuliko koti linavyonyonya moshi. Wiki ya pili wateja wa Maganzo wakaanza kuirudisha chai. Mmoja alisema amekunywa kikombe kimoja akajiona ameoga kwa ndani.

Mkuu wa Stoo hakunifukuza. Alikuwa mtu mfupi mwenye kalamu mbili, moja mfukoni na nyingine nyuma ya sikio, na hasira zake alizitoa polepole kama mtu anayekamua limau.

"Kijana, hii chai imeoza?"

"Hapana mzee. Ina harufu tu."

"Haina sumu?"

"Haina."

"Basi tumepata mnywaji."

Akanitengea katoni nzima. Kila saa nne asubuhi wenzangu walikunywa chai ya watu, na mimi nikanywa ile ya sabuni, mbele yao, hadi katoni ikaisha. Ilichukua miezi. Aibu yangu kubwa si kwamba niliinywa. Ni kwamba kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nimeizoea, na ilipokwisha niliitafuta. Nadhani hapo ndipo ulipoanza ugonjwa wangu wa kupenda vitu ambavyo havirudi.

Kampuni yetu ilikuwa ya jumla. Maana yake tulinunua kwa behewa tukauza kwa katoni, mwenye duka akafungua katoni akauza kimoja kimoja, na mama wa nyumbani akanunua robo ya kile kimoja. Stoo ya Shinyanga ilikuwa ghala refu la bati, na kazi yangu ilikuwa kupanga mzigo juu ya paleti, yaani majukwaa ya mbao yanayozuia unyevu wa sakafu usipande. Sheria kuu tuliiita zamani mbele: mzigo wa zamani ukae mbele utoke kwanza, mpya uende nyuma usubiri zamu yake. Usipofuata hivyo, cha nyuma kinazeeka gizani na siku ukikifikia hakifai hata kugawa bure. Mzigo usiotoka tuliuita mzigo uliolala. Mkuu wa Stoo alipita kila asubuhi akigonga maboksi kwa kalamu. "Huyu amelala. Huyu anasinzia. Huyu amelala." Akifika kwangu ananigonga begani. "Na huyu je?"

Nilikaa pale miaka sita, nikaoa, nikampata binti yangu Neema, nikanunua kiti. Nakitaja kiti kwa sababu mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu walipoota safari za Mwanza na Dar es Salaam, mimi niliota kurudi kwangu saa kumi na moja jioni, kuvua viatu na kusikia mlango ninaoujua unavyolia. Kwa hiyo nilipopewa barua ya uhamisho kwenda Isaka, niliisoma kama mtu anayesoma vipimo vya hospitali.

Isaka, kama mnavyoijua, ni bandari isiyo na maji. Mzigo unashuka kwenye reli na kupanda malori yanayoelekea magharibi, na katikati ya kushuka na kupanda kuna kelele, vumbi na madereva wanaotaka kila kitu sasa hivi. Meneja wa Tawi alikuwa mama mmoja mrefu aliyewahi kufundisha shule ya msingi, na hakuwa ameacha. Wiki ya kwanza alinisikia nikimjibu mwenye duka aliyekuja kuulizia viberiti.

"Umemwambia nini yule baba?"

"Nimemwambia hatuna, mama."

"Hatuna ni jibu la mtu asiye na kazi. Kaa chini."

Nikakaa. Akanifundisha maneno matatu ambayo niliishi nayo miaka yote iliyobaki. Bidhaa ikiwa imeisha, maana yake imeisha kwetu, kiwandani ipo, itakuja na behewa lijalo. Bidhaa ikiwa imekatika, maana yake kiwanda chenyewe kimesimama kidogo, mashine imeharibika au malighafi imechelewa, na huenda ikarudi. Bidhaa ikiwa imekufa, maana yake wakubwa wameamua. Hawatengenezi tena. Haitarudi hata ukilia.

"Mawili ya kwanza unamwambia mteja," akasema. "La tatu unaniambia mimi. Mimi namwambia Meneja wa Kanda."

"Na mteja?"

"Mteja unamwambia imekatika."

"Hata kama imekufa?"

"Hasa kama imekufa. Mteja ukimwambia imekufa, leo hii anabadili sabuni, na kesho anabadili duka. Ukimwambia imekatika, atapita kila wiki kuulizia. Na akipita kuulizia hataondoka mikono mitupu, atachukua hata chumvi."

Ilikuwa hesabu nzuri, na kila duka la jumla kutoka Shinyanga hadi Geita lilikuwa likiitumia. Ndiyo maana ninyi mliokulia huku mmesikia maisha yenu yote kwamba kitu fulani kinakuja. Hakikuwa kinakuja. Sisi wa stoo tulikuwa tumeshakizika, tumekula na ubwabwa wa matanga.

Nilikuwa mwanafunzi mzuri mno. Nilijifunza kusema imekatika kwa sauti ya mtu mwenye matumaini, nikiangalia barabarani kidogo, kana kwamba lori lenyewe nimeliona linapiga kona. Meneja wa Tawi alinisifu kwenye ripoti. Aliandika kwamba nina lugha nzuri kwa wateja.

Kutoka Isaka nikapelekwa Kahama, na huko nikatolewa stoo nikawekwa njiani. Afisa wa njia ni mtu anayezunguka na gari la kampuni, anagawa mzigo dukani kwa duka na kupokea maagizo mapya. Niliomba nibaki ndani. Msimamizi wa Njia, baba mmoja aliyekula karanga tangu asubuhi mpaka jioni, alinitazama na kuuliza, "Wewe ni mzigo uliolala?" Nikapanda gari.

Njia yangu ilikuwa ya Ushetu, kwa wakulima wa tumbaku. Wale watu walinifundisha maana ya kupenda bidhaa. Mkulima akishachagua betri za tochi, hata umletee betri zinazowaka mwaka mzima, anataka zile zenye mkanda mwekundu. Kulikuwa na mzee mmoja aliyepaka mafuta ya mgando ya kopo la kijani tangu ujanani. Yalipokufa nikamwambia yamekatika, naye akayaulizia kila mwezi kwa adabu kubwa, kama anauliza hali ya mgonjwa wangu. Siku moja sikumkuta. Nikaambiwa amefariki, na nikajikuta nimepumua. Nilitamani nijipige kofi. Ni dhambi ndogo, lakini ni ya aina inayokaa.

Huko ndiko nilijifunza pia kuzitambua dalili, na nawaachia bure. Bidhaa haifi ghafla. Kwanza inapungua uzito, pakiti ikibaki ukubwa uleule. Kisha chapa ya rangi tatu inakuwa ya rangi mbili. Kopo la bati linageuka la plastiki. Baadaye yanaandikwa maneno "sasa bora zaidi", na ukiyaona hayo, nunua za akiba, maana hakuna mgonjwa anayesifiwa afya bure. Mwisho kabisa kiwanda kinaacha kuleta kalenda za ukutani. Kalenda zisipokuja Desemba, mimi nilikuwa najua.

Kujua hakukunisaidia nyumbani. Nilioga sabuni moja, Waridi Jeupe, miaka kumi na tisa, na nikaona dalili zote zikipita mbele yangu, na bado siku ilipokufa nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Ikafuata dawa ya meno ya karafuu. Ikafuata majani yangu ya chai ya pakiti ya njano, niliyoyapata baada ya kupona ile ya sabuni. Mke wangu, Mama Neema, alifikia mahali pa kunikataza nisisifu kitu mezani. Nikisema hii jemu ni nzuri, ananiziba mdomo kwa mkate.

"Baba Neema, usiipende. Watoto wanaihitaji."

Na kuna usiku tulilala vibaya kwa mbu. Asubuhi akaniambia, "Wewe hebu wapende hawa mbu kidogo. Tuone."

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Geita. Mji ulikuwa umekua haraka, wafanyakazi wa mgodi mkubwa, wachimbaji wadogo, wanunuzi wa dhahabu na bodaboda zao, na bidhaa huko zilizaliwa na kufa kwa kasi ambayo Mkuu wa Stoo wa zamani asingeiamini. Meneja wa Kanda alikuwa kijana kuliko mwanangu wa kwanza. Alikuwa na heshima, alisema shikamoo kila asubuhi kabla ya kunigombeza.

Tulipanga nyumba, baadaye tukajenga, jirani na mama mmoja mjane anaitwa Mama Kulwa. Pacha wake wawili, Kulwa na Doto, walikuwa chuoni, na aliyewasomesha ni chapati. Alikuwa na mgahawa wa mbao karibu na mtaa wa wanunuzi wa dhahabu, na chapati zake zilikuwa na sifa moja ambayo kwa Geita ni kila kitu. Hazikauki. Mchimbaji anaingia kwenye duara, ndivyo wanavyoliita shimo la kuchimbia, saa kumi na mbili asubuhi, na anakula saa kumi jioni. Chapati ya watu wengine muda huo inavunjika kama kigae. Ya Mama Kulwa ilikunjika kama leso. Siri haikuwa siri, alimwambia kila aliyeuliza: mafuta ya kupikia ya Kengele, ya mgando, kopo la bati lenye picha ya kengele ya shule. Mimi ndiye niliyemletea.

Mwezi wa nne wa mwaka wangu wa mwisho kazini, Meneja wa Kanda alituita maafisa wa njia akatusomea barua ya kiwanda. Kengele imekufa. Mafuta mengine yangekuja badala yake, baadaye, jina bado halijapangwa.

"Kwa hiyo wateja tunawaambiaje?" akauliza mmoja wetu.

"Wazee, mnajua kuliko mimi," akasema Meneja wa Kanda. "Imekatika."

Jioni ile Mama Kulwa aliniita kupitia ua wa minyaa. Sisi huamkiana Kisukuma, yeye ni wa kwetu, wa vijijini Shinyanga.

"Mwangaluka, Baba Neema."

"Jioni yote hii unaniambia mwangaluka?"

"Ndiyo kwanza nimekuona leo, kwangu kumekucha sasa. Kengele yangu iko wapi? Kijana wa duka anasema imeisha."

Nikaangalia barabarani kidogo. "Imekatika, mama. Inakuja."

Sikupanga kumdanganya. Mdomo ulikuwa na njia yake, umeipita miaka mingi, kama punda anayerudi zizini bila kuongozwa. Na nilipoona uso wake umetulia, nikajiambia nimemsaidia.

Kisha nikafanya jambo ambalo niliona ni la wema. Nikaanza kumtafutia makopo yaliyobaki. Mimi, mtu nisiyependa kuvuka barabara, nikawa nakwenda Katoro siku za mapumziko, nikafika Nyarugusu, nikaenda hadi Ushirombo nimeng'ang'ania mgongo wa dereva wa bodaboda nimefumba macho. Nilikuwa nawaambia wenye maduka wanionyeshe rafu za nyuma, maana kama hawakufuata zamani mbele, Kengele ingekuwa imejificha huko. Kule Ushirombo nilikuta makopo manne yamefunikwa na vumbi nikataka kuyakumbatia. Yote kwa pamoja nilipata kumi na moja. Mama Kulwa alikuwa akinishukuru, "Wabeja sana, baba," na ananipa chapati mbili juu. Nilizila. Kila kopo nililomletea lilimthibitishia kwamba Kengele ipo mahali fulani inakuja.

Mwezi wa sita aliniita tena uani. Kampuni inayolisha wafanyakazi mgodini ilikuwa inatafuta mtu wa kuwapelekea chapati mia nne kila asubuhi. Wangejaribu za wapishi watatu, mwezi wa tisa. Mkaguzi wao wa chakula angeionja chapati ikiwa ya moto, angeionja tena saa sita, na tena saa kumi jioni. Kwa Mama Kulwa hiyo ilikuwa na maana ya pacha kumaliza chuo wote wawili. Mpaka hapo alikuwa na hakika ya mmoja tu, na alikuwa hajawaambia ni yupi.

"Sasa kuna mtu wa Katoro ameniletea mafuta mengine nijaribu," akasema. "Ameniachia ndoo. Nijifunze nayo? Maana mafuta mapya yana tabia zake, hayazoeleki wiki moja. Au nisubiri Kengele?"

Hapo ndipo pa kusema. Nimeupitia ule muda mara nyingi nikiwa kwenye kiti changu. Hakukuwa na meneja karibu. Hakukuwa na mteja mwingine wa kusikia. Alikuwa jirani yangu ananiuliza swali lenye miguu miwili, na mimi nikasema, "Subiri tu, mama. Usijichanganye."

Akamrudishia yule wa Katoro ndoo yake.

Mwezi wa tisa, siku tano kabla ya jaribio, kopo la kumi na moja lilikwangua chini. Alikuja nyumbani kwetu, akakataa kukaa. Mama Neema alikuwa anachambua mchele.

"Baba Neema, nahitaji makopo mawili tu. Mawili. Hata kama ni ya kuazima kwa Meneja wako."

Nikasema, "Mama Kulwa, Kengele imekufa."

"Imekufaje?"

"Kiwanda kimeacha. Haitengenezwi tena."

Mama Neema akaacha mchele.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa nne."

Akahesabu kwa vidole, taratibu, kwa mkono mmoja. Vilitosha vyote vitano.

"Ulijua siku niliyokuuliza ya ndoo?"

"Nilijua."

"Haya," akasema, akaondoka. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Mama Neema ndiye aliyebaki ananitazama, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu hakunitania.

Siku zile tano alijaribu mafuta ya maji, akajaribu ya alizeti, akajaribu ya mgando ya aina nyingine mbili. Chapati zilitoka nzuri, za moto zikawa tamu. Saa sita zikaanza kukaza shingo. Siku ya jaribio alizipeleka hivyohivyo. Mkaguzi wa chakula alizipenda asubuhi, na saa kumi jioni akaikunja moja mbele yake ikakatika katikati. Kazi akapewa mpishi mwingine kwa miezi mitatu ya majaribio. Mama Kulwa akaambiwa kama anataka, ajaribu tena muda huo ukiisha.

Mwezi wa kumi nikaanza likizo yangu ya kustaafu. Barua iliniambia nimeitumikia kampuni vizuri na kwamba nafasi yangu haitajazwa. Nikasema moyoni, sawa, hawakungoja hata kalenda.

Nilikaa kwenye kiti changu siku tatu. Ya nne nikaenda kwenye ua wa minyaa nikamwita jirani. Alikuja na mikono ya unga.

"Mama Kulwa, chapati zako za majaribio ni nani anazionja?"

"Wateja. Majirani. Wote wanasema tamu."

"Wanazila saa ngapi?"

"Zikiwa moto. Ungetaka wale saa ngapi?"

"Niachie mimi moja kila asubuhi. Nitaila saa kumi jioni. Sina pa kwenda."

Alinitazama usoni. "Na utasema kweli wewe?"

"Nitajaribu."

Akanipa. Sikujua kwamba kusema kweli ni ufundi unaotaka mazoezi kama ufundi wowote. Siku ya kwanza niliitafuna kama ngozi ya ngoma, na nilipomwona amesimama pale mdomo wangu ukaanza kuelekea barabarani. Nikaushika.

"Imekauka."

"Sana?"

"Sana. Nimeuma na ulimi."

Akaenda. Kesho yake: imekauka. Keshokutwa: imekauka pembeni, katikati inasogea. Nikaanza kumweleza niliyojua ya stoo, mafuta gani huganda kwa baridi na gani huyeyuka hata kwa joto la mfukoni, na kwa nini Kengele ilikaa laini. Akayachanganya. Aliagiza samli ya ng'ombe kutoka kwao Shinyanga, akaitia kidogo kwenye yale ya alizeti. Akabadili maji ya kukandia yakawa ya uvuguvugu, akaulaza unga muda mrefu zaidi, akafunika chapati kwa kitambaa badala ya sahani. Wiki ya tano samli ilizidi, nikamwambia chapati inanuka zizi. Alinijibu kwamba mimi ndiye ninayenuka uzembe, na asubuhi yake akapunguza samli.

Mama Neema alikuwa akitusikiliza kutoka dirishani. "Mwenzenu alifanya kazi miaka thelathini na ushee," akamwambia Mama Kulwa, "na hii ndiyo kazi yake ya kwanza."

Mwezi wa kumi na mbili, siku ambayo sitaisahau kwa sababu meno yangu yalipumzika, niliikunja chapati saa kumi jioni na haikukatika. Nikaikunja tena. Nikaiacha hadi saa kumi na mbili, nikala, nikamwita.

"Sasa?"

"Hii inakunjika."

"Ni kama ya Kengele?"

Hapo nilifikiri. "Hapana. Ya Kengele ilikuwa na utamu wake, na hautarudi. Hii ni nyingine. Lakini haikauki."

Aliitikia kwa kichwa akarudi jikoni.

Sasa nimestaafu kweli, na vijana huja kuniuliza kazi ya jumla ilikuwaje. Nawaambia kupanga mzigo kunafundishika kwa wiki moja, na chai isikae na sabuni. Nawaambia viwanda vitaua mnachokipenda, na msijisumbue kuandika barua, mimi niliandika nne kuhusu Waridi Jeupe nikajibiwa kwa sampuli ya kitu cha rangi ya bluu. Naoga hicho cha bluu mpaka leo. Kinatoa povu zuri tu. Nimegundua kwamba mtu anaweza kuishi raha katikati ya vitu ambavyo si vile alivyovitaka, mradi aambiwe mapema kwamba vile havipo, apate muda wa kuhuzunika na kuchagua. Muda ndio niliomwibia jirani yangu. Bidhaa aliiua mwingine.

Wiki iliyopita alirudi kutoka kwenye jaribio la pili. Nilikuwa kibarazani nimekaa. Hakupita mlangoni, alisimama uani kwake, akanipitishia sahani juu ya minyaa, chapati mbili bado zina moto. Nikauliza imekuwaje. Akaniambia wamempa mia mbili kwa kuanzia, nusu ya zile mia nne, na yule mpishi mwingine amebaki na mia mbili nyingine. Nikasema nimefurahi, na kwamba nadhani sasa mimi na yeye tumemalizana.

Mama Kulwa akajifuta unga mikononi, akasema:

"Mia mbili zile nyingine ni wewe uliyenipotezea, Baba Neema, na hizo sijakusamehe. Kula."